Neno la Kungoja

Kuna neno moja la Kifaransa ambalo mpaka leo nikilisikia redioni, mkono wangu unatafuta kitu cha kushika. Neno lenyewe ni attendre. Litamkeni "atandre", mtakuwa hamjakosea sana. Kwa Mfaransa maana yake ni kungoja. Ni neno la kila siku, la foleni ya dawa na kituo cha basi, na mtu hulisema bila hata kufikiri. Mimi nimeliona likiondoka na mtoto. Na kwa kuwa ninyi wanangu mmeingia kwenye kazi hii tuliyoiacha sisi, nataka mjue lilifanyaje.

Naitwa Mwajuma, mzaliwa wa Ujiji, mkazi wa Gungu, na wengi huniita Mama Hidaya. Nilikuwa mkalimani katika hospitali moja ndogo ya kando ya ziwa, jina lake mniachie, mpaka magoti yakakataa zile korido. Kifaransa nilikipata Bujumbura, kwa shangazi yangu aliyekuwa akiuza vitenge na ambaye alinisomesha huko. Kiswahili nilizaliwa nacho. Kiha nilikiokota sokoni, ndiyo maana nikikizungumza watu huniambia nasikika kama nabishana bei ya dagaa. Hospitali yetu ilikuwa na madaktari wa kigeni waliokuja kwa ajili ya wakimbizi, na wengi wao Kiswahili chao kilianza kwa jambo na kuishia kwa asante sana. Kati yao na mgonjwa tulisimama sisi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Filipo, mtu wa Kalinzi, mrefu, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alisoma kwa mapadri Burundi enzi za ujana wake, akakaribia upadri, kisha akamwona msichana fulani na upadri ukaishia hapo. Kifaransa chake kilikuwa safi kama shati la Jumapili. Alinipokea siku ya kwanza, akanisikiliza nikimtafsiria mgonjwa wa tumbo, halafu akanivuta pembeni.

"Umesema, 'Anasema anaumwa tumbo.' Nani anasema?"

"Mgonjwa, Mzee."

"Basi sema, 'Naumwa tumbo.' Yeye ndiye mwenye tumbo na yeye ndiye mwenye maneno. Wewe umemkopesha sauti tu. Mkalimani hana mimi yake, Mwajuma. Ukiwa kazini, kila mimi utakayosema ni ya mtu mwingine."

Nikaishika amri hiyo kwa pupa ya mwanafunzi mpya. Tulikuwa na daktari mmoja wa kike kutoka Ufaransa, naye alikuwa mjamzito. Siku moja alimfariji binti aliyekuwa analia kwa hofu ya kujifungua, na mimi nikatafsiri kama nilivyofundishwa, kwa sauti ya juu na iliyo wazi: "Usiogope, hata mimi nina mimba." Nyuma ya pazia alikuwepo mama mmoja wa usafi, jirani yetu wa Ujiji. Nilipofika nyumbani jioni nilikuta mama mkwe ameshachinja kuku. Nikamwambia, "Mama, mimba si yangu. Mimba ni ya daktari." Lo! Kuku alipakuliwa kwa ukimya, na ilinichukua wiki nzima pamoja na wajumbe wawili kuieleza familia kwamba daktari huyo ni mwanamke.

Mzee Filipo nilipomsimulia alicheka mpaka akavua miwani. Sikuwahi kumwona akicheka namna ile tena, isipokuwa mara moja, nami nitaisema.

Mengine aliyonifundisha ni ya mikono zaidi kuliko ya akili. Kaa nyuma kidogo ya mgonjwa, ili amtazame daktari badala ya kukutazama wewe. Usimeze tusi; mgonjwa akitukana, litoe tusi lake likiwa zima. Ukimuuliza Mrundi ameanza kuumwa lini, naye akakujibu "ejo", usikimbilie kusema jana, kwa sababu kwao ejo ni jana na ejo ni kesho. Sikiliza kitenzi ndipo utajua. Na juu ya yote, usipoelewa, uliza. Alikuwa na msemo wake wa kuombea radhi kwa Kifaransa, mrefu na wa adabu, aliouita kisu chake cha mfukoni. "Daktari, niwie radhi, naomba urudie ili nisikuibie neno." Daktari gani angekataa?

Sasa nisikilizeni kuhusu Daktari Marisol.

Alikuja kutoka Hispania, kijana bado, mwenye nywele fupi na haraka nyingi, na wagonjwa wakamwita Malisoli. Tulimpenda. Alikuwa anakaa chini sakafuni na watoto, anawapima wakiwa mapajani mwake. Kifaransa alikuwa amejifunza ukubwani, kwa haraka, kabla ya kupanda ndege. Alikizungumza vizuri mpaka pale kilipomwishia, na kilipomwishia hakusimama. Alichukua neno la kwao, akalivalisha mwisho wa Kifaransa, akalipitisha. Mara nyingi lilipita salama, kwa sababu lugha zile ni watoto wa mama mmoja, Kilatini, kila mmoja akaolewa kwake. Zinafanana sura. Tabia ndizo zilizobadilika huko zilikoolewa.

Kwa mfano, kuna neno salir. Kwao Hispania ni kutoka. Kwa Mfaransa neno linaloandikwa hivyohivyo ni kuchafua. Palikuwa na mzee mmoja mvuvi wa Kibirizi, amepona, anasubiri ruhusa. Daktari Marisol akamwambia kwa furaha kwamba kesho asubuhi anaweza "salir". Mzee Filipo akasita, akatafsiri: "Kesho asubuhi unaweza kuchafua."

"Nichafue?" yule mvuvi akauliza. "Nichafue wapi, Mzee?"

"Daktari hakusema wapi."

"Basi mwambie nashukuru, lakini choo nakijua."

Watoto wake walileta mashuka ya akiba. Kesho yake mambo yalipofahamika, wodi nzima ilicheka, na Daktari Marisol alicheka kuliko wote, machozi yakimtoka, akimshika Mzee Filipo bega. Hiyo ndiyo mara ya pili niliyomwona akicheka hadi kuvua miwani. Kila mgeni aliyekuja tulimsimulia. Mganga mkuu aliisimulia kwenye kikao. Ilikuwa hadithi yetu ya nyumbani, na hakuna aliyefikiri kwamba pale tulipokuwa tunachekea palikuwa na shimo.

Ilikuwa masika, malaria imejaa, wodi ya watoto wanalala wawiliwawili. Yustina alishuka kutoka Kalinzi kwa bodaboda na binti yake Tereza, mtoto wa chekechea, amefunikwa kitenge. Niliwaona nikipita. Viganja vya yule mtoto vilikuwa vyeupe, damu imemwisha. Alikuwa macho, ananitazama bila kugeuza kichwa. Nilitaka kusimama lakini nilikuwa naitwa chumba cha upasuaji, ambako mama mmoja alikuwa ameshindwa kujifungua na alihitaji mtu wa kuzungumza naye wakati anafanyiwa. Nikaingia, nikavaa. Daktari Marisol alikuwa anakuja nyuma yangu.

Kilichotokea koridoni sikukisikia kwa masikio yangu. Nakieleza kama wote wawili walivyokieleza baadaye, na maelezo yao hayakutofautiana hata kidogo. Daktari alisimama mbele ya Yustina, akamfunua mtoto jicho, akatazama utando wake. Kwa mkono mmoja alikuwa anavaa kofia. Akamwambia Mzee Filipo, akiwa tayari anatembea: "Il faut attendre la petite ici."

Kwao Hispania lipo neno atender. Ni ndugu wa damu wa lile la Kifaransa, limetoka tumbo lilelile. Lakini kwao maana yake ni kuhudumia, kumshughulikia mgonjwa. Daktari alimaanisha: mtoto huyu ahudumiwe hapahapa, msimpeleke hospitali kubwa, hatafika, mwekeeni damu. Mzee Filipo alisikia kungoja.

Na hapa ndipo nataka mnisogelee, kwa sababu hapa ndipo kazi yetu ilipo. Sentensi ile, ukiichukua kwa Kifaransa kama ilivyo, haikukaa sawa. Inasema inabidi kumngoja yule binti hapa, kana kwamba yuko njiani anakuja. Binti alikuwa ameshafika, yuko mapajani mwa mama yake! Mzee Filipo aliusikia ule mkao mbaya. Aliniambia mwenyewe kwamba aliusikia. Lakini alishazoea Kifaransa cha Daktari Marisol, na kwa upendo tu alikuwa anakitengeneza kila siku, anakinyoosha huku na kukitia kiraka kule, ili mgonjwa apate maneno mazuri. Akaitengeneza na hii. Akamwambia nesi, "Daktari anasema mtoto angoje hapa." Kisha akamwinamia Yustina. Alimjua kwa lafudhi kuwa ni mtu wa kwao, wa milimani, akamwambia kwa Kiha, kwa upole wa mtu anayemliwaza mwanawe: "Rindira hano." Ngoja hapa.

Yustina akangoja.

Mama aliyeketi naye kwenye benchi alitueleza yaliyofuata. Alimwambia Yustina, "Dada, mwanao amebadilika pumzi. Piga kelele." Yustina akamjibu, "Mzee wetu amesema ningoje. Daktari amemwona." Nesi alipita na dripu ya mtoto mwingine, akamuuliza daktari kasemaje, Yustina akasema daktari kasema tungoje hapa. Nesi akakubali, kwa sababu ndivyo na yeye alivyoambiwa. Kila mtu kwenye korido ile alitii. Hilo linaniuma mpaka leo, kwamba hakuna hata mmoja aliyefanya uzembe.

Tulitoka chumba cha upasuaji na furaha. Mtoto wa yule mama mwingine alikuwa amelia, wa kiume, mkubwa. Daktari Marisol alimwona Mzee Filipo mwisho wa korido, akamuuliza kwa lile neno lake, attendre, kama yule binti mdogo wamemfanyia hivyo. Mzee Filipo akajibu kwa neno hilohilo: ndiyo, Daktari, tangu ulipoondoka. Daktari akatabasamu, akamshukuru. Nilikuwa nimesimama kati yao. Walielewana kabisa, watu wawili wenye akili zao wakitumia neno moja, na mimi mwenyewe niliyasikia majibu yale nikafurahi.

Ndipo akageuka akaona benchi.

Tereza alikuwa amelala kifuani mwa mama yake. Daktari aligusa shingo, akagusa tena, akamnyakua, akakimbia naye chumba cha dharura, sisi nyuma. Sitaeleza ya mle ndani. Alipoacha kubonyeza kile kifua, alimgeukia Mzee Filipo akapiga kelele kwa Kifaransa, nilikuambia mum-attendre! Mzee Filipo akasema, naye sauti imepanda, tumem-attendre, Daktari! Akapiga tena kelele, mara hii lugha ya kwao yenyewe ikamtoka, atender, atender, na ile herufi ya mwisho ikigonga. Nikamwona Mzee Filipo akilitamka lile neno kimyakimya kwa midomo, mara moja, mara ya pili. Kisha akaketi sakafuni pale alipokuwa.

Mganga mkuu alitukusanya. Hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Mwambieni mama malaria ilikuwa kali mno. Na ni kweli ilikuwa kali." Daktari Marisol alikataa. Alisema mama huyu atajua kwa nini mwanawe amekufa, na atajua leo. Lakini angemwambia kwa kinywa gani? Hakuwa na kingine isipokuwa vyetu. Nikajitolea. Mzee Filipo akaniwekea mkono begani.

"Acha, Mwajuma. Maneno ya mwanzo nilimpa mimi."

Tuliingia kwenye kachumba ka kufungia vidonda. Yustina alikuwa ameketi, amemshika mtoto wake ndani ya kitenge, hakukubali mtu yeyote ampokee. Mimi nilisimama mlangoni. Daktari Marisol alipiga magoti mbele yake, akaanza kusema, na Mzee Filipo, nyuma kidogo ya mama kama alivyonifundisha, akawa anatafsiri kwa Kiha.

"Mwanao alihitaji damu palepale. Nilisema ahudumiwe. Lakini nilitumia neno la lugha ya kwetu nikidhani ni la Kifaransa, na neno hilo likaeleweka vingine. Ukaambiwa ungoje. Hukutakiwa kungoja. Ni kosa langu."

Yustina akageuza shingo. Alimpita daktari kwa macho, akamtazama Mzee Filipo.

"Lako wewe," akauliza, "au la huyu?"

Wanangu, katika kazi yangu yote sikuwahi kumsikia mtu akimuuliza mkalimani swali hilo. Sisi hatuna mimi. Nilimwona Mzee Filipo akikosa pa kuweka mikono. Daktari Marisol akanitazama mimi, amesemaje?

"Huyu amesema ni lake," Mzee Filipo akajibu polepole. "Mimi nasema ni langu. Yeye alisema mtoto atibiwe. Mimi ndiye niliyekuambia rindira. Nilisikia maneno hayajakaa sawa, na sikuuliza."

Hapo nikamtafsiria daktari. Akatikisa kichwa kwa nguvu, analia, akasema hapana, mwambieni si yeye, ni mimi, ni mimi. Mzee Filipo akasema kwa Kifaransa, hapana Daktari. Wakawa wanavutana hivyo juu ya kichwa cha yule mama, kila mmoja akitaka lile kosa liwe la kwake.

"Nyamazeni," Yustina akasema. "Mnagombania nini? Mwanangu ninaye hapa."

Akakivuta kile kitenge akamfunika mtoto miguu. Kisha akasema, bila kumtazama yeyote, "Nilitaka kupiga kelele. Moyo uliniambia piga kelele. Aliponiambia kwa Kiha nikatulia."

Mzee Filipo alipanda nao gari la hospitali hadi Kalinzi siku ileile, na hakushuka tena kuja kazini. Vitu vyake nilimfungia mimi. Alirudi kwenye kahawa ya baba yake, na watu waliotoka huko walisema anapalilia vizuri, hasemi sana. Nilimfuata mara kadhaa. Alinipa kahawa, akaniuliza habari za watoto, na nilipomgusia kazi alinyanyuka akaenda kuangalia kitu nje. Daktari Marisol alibaki mpaka mkataba wake ulipokwisha. Alijifunza Kiswahili kama mtu mwenye hasira nacho, na akakimudu, ila nilikuwa namwona akisita mbele ya neno jepesi kabisa, kama mtu anayejaribu ubao kwa mguu kabla ya kukanyaga. Alipoondoka alinikumbatia.

Nilibaki na kazi, na nikaifanya kwa ugomvi. Nilikataa agizo lolote la koridoni. Daktari akitembea, sitafsiri. Asimame, anitazame, aseme. Akishasema, namrudishia kwa maneno mengine kabla sijampa mgonjwa: unataka kusema afanyiwe hiki, sasa hivi, mahali hapa? Walinichukia. Mmoja aliniambia namchelewesha. Nikamwambia nakuchelewesha ndiyo, nenda kalalamike. Na sentensi iliyokaa vibaya sikuitengeneza tena maishani. Niliirudisha kwa mwenyewe na ubovu wake. Ninyi mtaona aibu kufanya hivyo, hasa mkiwa wageni kazini na daktari ana digrii zake. Fanyeni hivyohivyo na aibu yenu.

Siku hizi mnazo simu zinazotafsiri. Mjukuu wangu alinionyesha yake, nikamwambia iandikie lile neno la Kihispania. Ikaleta maana nzuri tu, kuhudumia. Nikamwambia, sasa ichanganye, uandike Kifaransa kibovu chenye Kihispania ndani, kama anavyoongea binadamu aliyechoka. Ikajibu papo hapo, bila kusita: kungoja. Nilimrudishia simu yake nikaenda kuswali.

Nilikuja kuuliza asili ya neno lile kwa padri mmoja Mwitaliano wa parokia ya jirani, mzee mwenye Kilatini chake. Aliniambia kwao Italia neno hilo limebaki na maana zote mbili, kungoja na kushughulikia, na hawapotezani. Kwenye Kilatini, akasema, mwanzo wake ni kunyoosha kitu kuelekea mahali. Akanyoosha shingo kama mtu anayetazama barabarani kama mgeni anakuja, halafu akanyoosha mkono kama anampa mtu maji. Nilipokuwa narudi nyumbani nikafikiri, mbona hata sisi tunalo hilo? Mngoja mlango wa zamani kazi yake ilikuwa kuulinda. Na Waha na Warundi nao, kurindira ni kungoja, na kurinda ni kulinda, mtu na dada yake. Kumbe Mzee Filipo alimwambia Yustina neno lililokaribia kuwa lile la daktari, likalikosa kwa kidogo tu. Sikupata faraja yoyote humo. Nililia ndani ya bajaji mpaka dereva akaniuliza kama nimefiwa.

Mwaka jana Mzee Filipo alifariki. Nilipanda Kalinzi kwa bodaboda, magoti yakinipigia kelele njia nzima. Watu walikuwa wengi, mtu mkimya kumbe ana watu. Wanawake walikuwa nyuma ya nyumba wanachambua maharage, nikaketi, nikavuta ungo. Mama aliyekuwa kando yangu aliniangalia sana, kisha akasema, "Wewe ndiye uliyesimama mlangoni."

Alikuwa Yustina. Nywele zimeanza kuwa nyeupe. Nikamsabahi, nikampa pole ya msiba, maana sikujua pole ipi nyingine nimpe. Tukachambua. Mimi ni mtu wa Ujiji, kukaa na swali kinywani siwezi, nikamuuliza kama hatimaye alimsamehe Mzee.

"Sijui," akasema. "Tuliishi kilima kimoja. Njia yetu ni ile moja ya kwenda mtoni, nyembamba, unaijua. Tangu siku ile, kila akiniona nakuja, alitoka njiani akasimama kwenye majani mpaka nipite. Hata mvua inyeshe. Hata akiwa na mzigo. Mimi napita, simsalimu. Miaka yote, dada, simsalimu."

"Naye hakukwambia kitu?"

"Hakuniambia. Mwaka juzi alikuwa ameshakuwa mzee, ana fimbo, miguu inamtetemeka pale kwenye majani. Nikamhurumia. Nikasimama, nikamwambia, 'Mzee, leo pita wewe.' Akatikisa kichwa. Akasema, 'Pita, mwanangu. Ndarindira.'"

Mimi nitangoja. Nilielewa bila mtu kunitafsiria. Yustina aliokota jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa.

"Nikapita," akasema. "Na neno la kumwambia nilikuwa nalo, dada, nilikuwa nalo hapa mdomoni. Nikaona lingoje."